Goti la Kushoto la Njoroge

Mafuta ya ng'ombe yakiyeyushwa ndani ya mkebe hutoa harufu nzito ya kushika koo, na mtu aliyeizoea utotoni haimtoki tena. Juzi nilipita kwa fundi wa viatu hapa Kitale, nikamkuta anayayeyusha ili alainishe ngozi ya mkoba wa mtu. Nikasimama. Fundi akadhani nina kiatu cha kushonwa. Sikuwa nacho. Nilikuwa tu nimemwona kaka yangu Wafula, amechutama nyuma ya nyumba yetu, mpira wa ngozi katikati ya magoti, anaupaka mafuta polepole kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Bungoma, mwendo mfupi kutoka chuo cha ualimu cha misheni alikosoma Wafula. Baba alikwenda vitani Burma nikiwa bado mgongoni, na hakurudi. Mama akalima, akauza mtama na karanga, akamsomesha Wafula mpaka akafika chuoni. Mimi, Nekesa, nilikuwa na miaka tisa, na nilimwamini Wafula kuliko nilivyoamini kitabu cha sala.

Wafula alikuwa kapteni wa timu ya mpira ya chuo, na timu yenyewe, niwaambie ukweli, ilikuwa mbovu. Mwaka ule ilipigwa na polisi, ikapigwa na makarani wa mjini. Ikapigwa hata na wachuuzi wa Lwakhakha kule mpakani, watu waliokuja kwa baiskeli na bidhaa zao zimefungwa nyuma. Walitufunga matano, wakanywa maji, kisha wakafungua mizigo pale pale kando ya uwanja wakatuuzia vitambaa. Mama alinunua kimoja.

Hayo yote Wafula aliyavumilia. Asichoweza kuvumilia ni Kitale. Kulikuwa na chuo kingine huku ninakoishi sasa, cha kanisa lile lile letu, na kila mwaka vijana wake walitufunga. Wakisha kutufunga walipanda lori wakaimba wimbo wa kutucheka tangu uwanjani hadi barabara kuu, na watoto wa kwetu wakajifunza ule wimbo, wakawa wanatuimbia mtoni tukichota maji.

Mwalimu wa michezo aliitwa Zakaria, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Alasiri moja alikuja kwetu kuongea na Wafula. Walikaa nje karibu na ghala, mimi nikibambua karanga, na Mama aliwawekea viazi vitamu ambavyo hakuna aliyevigusa.

"Mechi nne zimebaki kabla ya Kitale," Mwalimu alisema. "Nataka tuzicheze zote vizuri. Vijana wajifunze kupeana mpira. Tukijua kucheza, Kitale watatukuta tumekuwa timu."

"Mwalimu, hizo zingine nani atazikumbuka?" Wafula akauliza. "Tupumzishe vijana. Tufanye mazoezi ya Kitale peke yake. Tukiwapiga hao, mwaka mzima umesamehewa."

"Ukimwangalia chui mmoja tu, Wafula, fisi watakumalizia mbuzi."

"Mbuzi wamekwisha kitambo, Mwalimu. Sasa mimi namtaka chui."

Mwalimu Zakaria alicheka kidogo, lakini aliondoka bila kusema ndiyo. Vijana wakamfuata Wafula. Zile mechi nne wakazicheza kama watu wanaongoja mvua ipite, na zote wakashindwa. Jioni walijizoeza kumzuia mtu mmoja tu, winga wa kushoto wa Kitale, kijana anayeitwa Njoroge. Jina hilo nililisikia kwa miezi miwili, hata nikadhani ni mtu mwenye meno marefu.

Siku hizo wageni wa misheni hawakulala hotelini. Waligawiwa kwenye nyumba za Wakristo, mmoja hapa, wawili pale. Lori la Kitale lilifika Ijumaa alasiri, na mzee wa kanisa akatuletea mgeni wetu. Alikuwa kijana mpole, mfupi, mwenye masikio makubwa, amebeba kifurushi cha nguo kwapani. Ndiye Njoroge.

Mama hakujali mambo ya mpira. Alimchinjia kuku. Watu wa kwetu wengi huchanganya r na l, na Mama alikuwa bingwa wao. "Karibu kura, mtoto wangu," akamwambia. Naye Njoroge, ambaye wazazi wake walitoka kwa Wakikuyu wakawa wafanyakazi katika shamba la mzungu mmoja karibu na Kiminini, naye l ilimponyoka kinywani mara kwa mara. "Nimekura sana, mama," akajibu. "Kuku yako ni tamu kabisa." Wakaendelea hivyo, kura huku na kura kule, na nadhani hapo ndipo Mama alipompenda. Mimi nilicheka mpaka nikatumwa nje.

Asubuhi nilimkuta Njoroge ameketi kizingitini, anajifunga kitambaa kwenye goti la kushoto, raundi baada ya raundi. Nikamuuliza ana nini.

"Nilianguka kwa mkokoteni wa ng'ombe nikiwa kama wewe," akasema. "Hili goti likipindwa vibaya, basi. Lakini nikilifunga, halinisumbui." Akashusha kaptura ndefu juu ya kitambaa, kisha akanikonyeza. "Usimwambie mtu."

Msinihukumu haraka. Nilikuwa mtoto mwenye siri moja na kaka mmoja. Wafula alipopitia nyumbani kuchukua ule mpira aliokuwa ameupaka mafuta, nilimvuta nyuma ya nyumba nikamwambia yote, goti la kushoto, kitambaa, mkokoteni, na maneno "likipindwa vibaya, basi". Wafula aliniwekea mkono kichwani. "Wewe ni dada wa kweli," akasema. Nilitembea siku hiyo kama niliyepewa kanzu mpya.

Uwanja ulijaa. Njoroge alicheza kama maji yanavyopita kwenye vidole; watu watatu walimkimbilia na bado alitoka, mpira mguuni. Kabla ya mapumziko alifunga moja. Upande wa pili wakaanza ule wimbo.

Kipindi cha pili Wafula aliacha nafasi yake akahamia upande wa Njoroge. Mara ya kwanza alimkosa. Mara ya pili Njoroge alikuwa amesimama, mpira umekwisha kuondoka, na Wafula alimjia kwa ubavu, akamkanyaga goti la kushoto kwa unyayo mzima. Sikusikia mlio wowote. Nilimwona tu Njoroge anashuka chini taratibu, kama anayetaka kukaa, kisha akapiga kelele ambayo mtu mzima hapigi mbele za watu.

Refa alipuliza filimbi, akamkaripia Wafula, mchezo ukaendelea. Kitale bila Njoroge walikuwa watu wa kawaida. Tukafunga moja, tukafunga la pili. Filimbi ya mwisho ilipolia watu waliingia uwanjani wakambeba Wafula mabegani, na mimi nilikuwa chini yao, nimeshika mguu wake, napiga vigelegele.

Ndipo nikamwona Mama. Alikuwa upande wa pili wa uwanja, amepiga magoti nyasini, kichwa cha Njoroge mapajani pake. Alikuwa amepasua kile kitambaa cha Lwakhakha, anamfunga mguu. Mwalimu Zakaria alisimama hapo, kofia mkononi. Waliposaidiana kumpandisha kwenye lori, hakuna aliyeimba.

Wafula alikuja nyumbani jua likielekea kuzama, bado anacheka. Mama alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua macho.

"Huyo mtoto amekura kwangu," akasema.

Wafula akaacha kucheka. Mama akaendelea kupepeta.

Mechi iliyofuata timu yetu ilicheza na shule ndogo ya jirani, ikafungwa sita. Mwalimu Zakaria aliomba apewe kazi nyingine pale chuoni, akapewa maktaba. Kisha habari zikatufikia kwa njia ya kanisa. Mguu wa Njoroge ulikuwa umeunga vibaya, hawezi kusimama darasani kutwa, ameacha chuo, yuko kwa wazazi wake Kiminini.

"Nenda," Mama akamwambia Wafula.

"Nitaenda nikimaliza mtihani."

Mtihani ukaisha. Akasema mvua. Mvua ikaisha. Akasema baiskeli haina breki. Nilimwona akianza kukonda. Mpira wa ngozi ulibaki umening'inia jikoni, panya wakautoboa.

Desemba, mahindi yakivunwa, Mama alifunga jogoo miguu, akamtia kikapuni, akamkabidhi Wafula. Kisha akanigeukia. "Na wewe panda nyuma. Mtu hafukuzwi akija na mtoto."

Tulitoka alfajiri tukafika alasiri, matako yangu yamekufa ganzi. Tuliuliza shamba, tukaelekezwa nyuma ya miti mirefu, zilikokuwa nyumba za wafanyakazi. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno yangu. Nilitaka kumwambia Njoroge kwamba siri yake niliitoa mimi.

Nyumba zilikuwa safu mbili. Milango ilikuwa wazi. Kuku wawili walikuwa wakiparua ndani ya jiko la mtu, na kwenye kamba moja nguo ya mtoto ilikuwa bado imeanikwa, imekauka hata imepauka. Hapakuwa na mtu. Mwishowe tukampata mchungaji mmoja wa ng'ombe, mtu wa kwetu kwa lugha, na Wafula akamuuliza watu wako wapi.

"Wakikuyu? Wamepakiwa kwa lori juma lililopita. Wote. Ati warudishwe kwao, kwa sababu ya hii hali ya hatari; serikali inasema wanaapishwa kupigana na wazungu."

"Kulikuwa na kijana mmoja ana mguu mbaya."

"Huyo alibebwa na baba yake," mchungaji akasema. "Hakuweza kupanda."

Wafula alimpa yule mtu jogoo, kikapu na vyote. Kisha akaenda akakaa kwenye kizingiti cha nyumba ya kwanza, sijui kama ndiyo ya kina Njoroge, na akalia. Sikuwa nimewahi kumwona analia, hata habari za Baba zilipoletwa, niliambiwa, hakulia. Nikakaa karibu naye nikasema lile nililokuwa nimelipanga, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuambiwa.

"Ni mimi nilikuambia goti."

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi nilikuwa karibu kuwa mwalimu."

Wafula alifundisha miaka mingi, na hakuna shule iliyowahi kumpata asimamie mpira. Aliandika barua kwa misheni za huko kwa Wakikuyu, nyingine nilimpelekea posta mwenyewe. Wapo Njoroge wengi. Hakuna aliyejibu kuwa ndiye. Wafula alikufa kabla ya Mama.

Ni baada ya mazishi yake, nikimsaidia Mama kuoga maana macho yalikuwa yamemwishia, ndipo aliponiambia bila kuulizwa, "Nilikusikia siku ile nyuma ya nyumba, ukimwambia Wafula. Nikadhani ni maneno ya watoto. Nikanyamaza, nikaendelea na kazi yangu."

Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba nilipandishwa ile baiskeli ili nimsindikize kaka yangu. Nikamwogesha Mama mgongo. Alikuwa ametutuma wawili, kila mmoja na kosa lake, na jogoo alikuwa wa kosa lake yeye. Na sote watatu tulichelewa kwa juma moja.