Masizi Kwenye Paji la Uso

Kitabu cha ubatizo cha kituo kile kidogo cha misheni karibu na Mkange kimeliwa na mchwa pembeni, lakini kinasomeka. Kuanzia mwaka 1884 hadi 1888 kina watoto thelathini na mmoja waliobatizwa na kufa siku hiyo hiyo. Mapadre waliopita pale majina yao yako kwenye ubao ukutani. Mwanamke aliyewabatiza watoto wale hakuandikwa popote, na mimi, ambaye hata Mkristo si, jambo hilo linaniudhi.

Aliitwa Skolastika. Alikombolewa utumwani akiwa mdogo, akalelewa na masista Bagamoyo mjini, akaolewa na Polikarpo, seremala wa misheni, kisha wakapelekwa pamoja na familia nyingine tano kufungua kituo. Mtoto wao wa kwanza alikufa akiwa na siku mbili tu, padre akiwa safarini. Kwa kuwa hakubatizwa, alizikwa nje ya ua wa makaburi. Padre aliporudi akamfundisha Skolastika kwamba mtoto akiwa anakata roho, mtu yeyote anaweza kumbatiza: maji kidogo kwenye paji la uso, na maneno yake. Somo hilo lilichelewa wiki moja, na sidhani kama alimsamehe mtu kwa hilo, hata nafsi yake.

Tangu siku ile alitembea na kibuyu kidogo cha maji kiunoni. Aliingia nyumba za Wakwere na Wazigua, akapika uji, akakanda miili yenye homa, huku akiwasimulia kina mama habari za Bwana atakayerudi kuwaamsha watoto wote waliolala. Padre hakuweza kuingia chumba cha mzazi, maana ni mwanamume. Kama si Skolastika, dini ile isingevuka kizingiti hata kimoja. Alipoona mtoto haponi tena, alimpangusa uso kwa maji ya kibuyu, midomo yake ikicheza bila sauti. Jumamosi alimpelekea padre majina, na padre akayaandika.

Kosa lilikuwa hapo hapo, wala halikuwa la mtu mwenye nia mbaya. Amri ilikuwa kubatiza anayekufa tu. Basi Skolastika alisubiri mpaka awe na hakika, na alikuwa na jicho la hakika kweli. Kila aliyempangusa alikufa kabla jua halijazama, na kina mama wakaanza kuliona hilo.

Wa kwanza kulisema alikuwa Bi Mwajabu, mkunga wa Mkange, ambaye wajukuu zake wawili walipanguswa ndani ya mwaka mmoja. Hakupiga kelele. Alichukua masizi ya chungu akampaka mjukuu wa tatu kwenye paji la uso, ili maji yakija yakute mahali pameshakaliwa. Mwezi haukuisha, watoto wa kijiji kizima walikuwa na paji jeusi. Skolastika akipita, salamu zake zilijibiwa nusu, na mitungi ya maji ilifunikwa. Aliona yote hayo, akaogopa, lakini hakuacha kwenda.

Mwezi wa tisa mwaka 1888 zikaja habari kutoka Bagamoyo kwamba Wajerumani wamepandisha bendera yao na mji umechafuka. Vijana wa Mkange wakawa wananoa mikuki mchana kweupe, na yeyote aliyekaa na Wazungu alitazamwa kwa jicho la pembeni. Wiki hiyo hiyo Salme akamwita.

Salme alikuwa mke wa Saleh, Mmanga kutoka Omani aliyefanya biashara ya sandarusi, utomvu mgumu wa miti ya msituni. Mtoto wao wa pekee, Miza, mwenye miezi mitano, alikuwa na homa siku ya nne. Paji lake lilipakwa masizi kama wenzake.

"Bi Skola," Salme alisema, "yanayosemwa nayajua, lakini mikono yako naijua zaidi. Nikandie mwanangu. Paji lake usiliguse. Niahidi."

"Nakuahidi, bibi."

Alimkanda asubuhi nzima. Adhuhuri Salme alitoka uani kuchemsha maji, na mara mtoto akageuza macho. Pumzi ilipotea, ikarudi, ikapotea. Skolastika alikuwa ameshawaona thelathini na mmoja wakifanya vile. Akamkumbuka mwanawe aliyelala nje ya ua, mkono ukaenda kwenye kibuyu.

Salme aliporudi, Miza alikuwa analia kwa njaa. Jasho lilikuwa limemtoka, homa imeshuka, na paji lake lilikuwa safi.

"Umenifanyia nini?" Salme aliuliza taratibu.

"Nilijua anakwenda. Sikuweza kumwacha aende hivi hivi."

"Na sasa ni wa nani?"

Jibu la padre Skolastika alilijua. Mtoto aliyebatizwa ni wa Kanisa, na akipona hana budi kulelewa Kikristo. Padre angekuja kumdai, na Saleh asingemweka ndani mke aliyeruhusu mambo hayo. Salme alichukua chungu jikoni, akampaka mwanawe masizi upya.

Siku ya tatu Skolastika aliitwa uwanjani kwa jumbe. Kina mama walikuwa wamekaa chini, na vijana wamesimama nyuma yao na mikuki.

"Watoto wetu uliowapangusa wamekufa wote," alisema Bi Mwajabu. "Huyu wa Bi Salme amepona. Sema mbele ya mama yake. Ulimpangusa?"

Nataka ueleweke vizuri mtego aliowekewa. Akisema ndiyo, amejiokoa: maji hayaui, na shahidi yuko pale ananyonya. Lakini Salme angeachika, na Miza angetafutwa na padre. Akisema hapana, amekiri mwenyewe kuwa ni muuaji. Salme aliinamisha kichwa. Kuinama huko kulimtesa mpaka uzeeni.

"Sikumpangusa," alisema Skolastika.

Bi Mwajabu akaanza kulia. "Basi ni maji yale," alisema, "ni maji yale kweli." Wakakivunja kibuyu mbele ya macho yake. Jumbe, ambaye Polikarpo alimchongea mlango wa nyumba, alisema asiuawe, ila akionekana tena kijijini asilaumiwe atakayemchoma mkuki.

Jumamosi padre aliuliza majina. Skolastika alimjibu kwamba wiki hii hakuna. Kitubioni hakwenda tena, na komunyo akaiacha. Polikarpo alimsihi, akimwambia kwamba ya kitubio hayatoki nje.

"Hayatoki," alisema, "lakini hataniondolea dhambi mpaka nije nilitaje jina la mtoto mezani, kitabu cha ubatizo kikiwa wazi. Na akiandika, watakwenda kumchukua."

Desemba ndui ikaingia kituoni, katika wiki za Majilio, Wakristo wanapongoja kuja kwa Bwana. Yeye aliyewafundisha wengine kungoja alikuwa wa kwanza kulala. Padre alikuja na mafuta matakatifu, akamwuliza kama kuna lililobaki moyoni.

"Lipo, baba," alisema. "Silisemi."

Polikarpo aliyasikia akiwa mlangoni, na ndiye aliyekuja kumsimulia Salme. Padre alingoja mpaka alasiri, kisha akafunika chupa yake ya mafuta akaondoka. Kwa kuwa alikufa bila kutubu, walimzika nje ya ua, karibu na mwanawe.

Miza ni bibi yangu, mama wa mama yangu. Alikufa Mwislamu, shahada mdomoni. Kurasa za mwezi ule wa tisa nimezipekua mara tatu, na jina lake halimo. Tulipokuwa wadogo alitupeleka kila mwisho wa mwaka kupalilia makaburi mawili nje ya ua wa misheni, moja kubwa na moja dogo. Tulimwuliza ni ya nani. Alijifuta paji la uso kwa upindo wa kanga, akasema ni ya ndugu zetu, tukaendelea kupalilia.