Nilichagua Sevo ya Bluu, Chupa Ikaenda kwa Jirani

Kosa ni langu. Siyo la simu ya shangazi wala la mawimbi. Ni langu mimi fundi, na limenikaa kwenye koo kama mwiba wa samaki. Jina sitaandika. Hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, mukisikia tu "yule wa gari", mutanijua.

Mimi natengeneza simu na redio. Siku moja huko mjini Mbarara nilikuta kwenye rundo la mitumba gari ndogo ya rimoti, ile ya magurudumu makubwa inayopanda mawe. Ilikuwa imekufa. Niliifufua yote isipokuwa kimota cha usukani, kile wanachoita sevo, kinachogeuza magurudumu ya mbele kushoto na kulia. Ningeiacha hapo, leo nisingekuwa na cha kuungama.

Lakini nilikuwa napenda, jamani! Nilikuwa najitayarisha kumposa Furaha. Kwetu, ukienda kuposa unatanguliza kinywaji cha kufungua kinywa. Chupa inapelekwa kwa mikono miwili mbele ya baba wa binti. Akiipokea na kuionja, maneno yanaanza. Asipoionja, munarudi mulikotoka. Basi shetani wa maarifa akanishika: chupa ipelekwe na gari! Mjomba wangu, msemaji wetu, alinikataza. Nikamwambia dunia imebadilika.

Nikaenda Kakoba, mtaa wa Mbarara, kutafuta sevo. Mwenye duka akanitolea mbili. Moja nyeusi, nzito, imechubuka, ya meno ya chuma. Ya pili mpya, ya bluu inayong'aa, nyepesi kama kiberiti kitupu. Akaziunganisha na betri, akaniambia nijaribu kuzizuia kwa kidole zikizunguka. Ile nyeusi ilinisukuma mpaka nikaachia. Ile ya bluu niliizuia bila shida, ikabaki inalia tu.

"Ssebo, bwana, hiyo iko na meno ya plastiki," akasema. "Inagonga jiwe, imekwisha."

Na mimi nikachagua nini? Ya bluu! Kwa sababu kitenge cha Furaha cha siku ya posa kilikuwa cha bluu. Fundi mzima nimechagua chombo kwa kukifananisha na kitenge. Yule baba wa duka nilimwambia najua kazi yangu. Nyumbani niliijaribu juu ya meza, magurudumu yako hewani, chupa haipo. Kushoto, kulia, safi kabisa. Hewani hakuna kinachokataa kugeuka.

Siku ikafika, uwanja wa Papa Furaha, baba yake Furaha, ukajaa. Shangazi yake Furaha, mama mmoja mshonaji anayeheshimiwa sana, alikuwa anapiga video ya kuwatumia ndugu walio mbali. Nikafunga chupa ya bia juu ya gari, nikabonyeza rimoti. Watu wakapiga vigelegele, hata Papa Furaha akaanza kutabasamu.

Njiani kulikuwa na mawe matatu ya jiko la nje. Nikakata kona, gurudumu likakwama kwenye jiwe, nikasikia krrr! Ganda la sevo limepasuka, meno yamemwagika chini. Kuanzia hapo magurudumu yalifuata mawe, siyo mimi. Ningeachia kidole, gari ingesimama. Lakini kusimama mbele ya wakwe niliona ni aibu, nikaongeza mwendo. Gari ikampita baba mkwe, ikapanda mkeka, ikaenda kukwama kwenye miguu ya jirani yake, Papa Sifa, mzee mwenye mabinti wanne na kiu ya kila siku.

Papa Sifa hakuuliza kitu. Aliifungua chupa kwa meno, akaonja, akapangusa mdomo.

"Nimekubali," akasema. "Munataka binti gani?"

Watu walicheka mpaka bugali jikoni ikaungua. Papa Furaha peke yake hakucheka. Alisema kinywaji cha binti yake kimenywewa fasi ingine, kwa mtu mwingine, akaingia ndani, akafunga mlango.

Hapo ndipo nilipofanya dhambi yenyewe. Nilimnyooshea kidole shangazi, nikasema simu yake imevuruga mawimbi ya rimoti. Watu wakaamini, maana fundi amesema. Mama wa watu akazima simu, akaomba msamaha mbele ya wote, akaenda kukaa jikoni akilia. Nikamwona, nikanyamaza.

Wiki mbili nzima waliniita mkwe wa Papa Sifa. Mjomba akaenda kutuombea, tukaruhusiwa kurudi. Safari hii nilibeba chupa mwenyewe, mikono miwili, nimepiga magoti. Kabla haijapokelewa, shangazi akaomba neno. Akafungua fundo la kitenge chake, akaweka kwenye sahani vipande vyeupe vya plastiki. Alikuwa amevifagia siku ileile pale kwenye mawe ya jiko.

"Mwanangu, mimi nashona na cherehani miaka mingi," akasema. "Meno ya mashine nayajua. Haya, ni simu yangu iliyavunja?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Hapana, tantine," nikamwambia shangazi. "Nilijua tangu Kakoba."

Papa Furaha akaichukua chupa mikononi mwangu. Hakuionja. Akampa dada yake, akasema huyu ndiye ataonja, siku nitakayomsafisha jina mbele ya wote waliosikia nikimsingizia. Sasa wale watu wametawanyika, wengine wako Biharwe, wengine Nyamitanga, huko pande za Mbarara. Ndiyo maana naandika.

Vijana wenzangu, sevo usiichague kwa macho. Izuie kwa kidole: ikikushinda nguvu, hiyo ndiyo yako, hata kama sura yake inatisha mbuzi. Gari ikipotea njia, achia rimoti. Na ukiharibu, sema siku ileile, usitafute mama wa watu wa kumtwisha.

Chupa mpaka leo iko kwenye meza ya cherehani ya shangazi, na kizibo chake. Furaha anaipangusa vumbi kila asubuhi. Tantine, kama wamekusomea hii mpaka hapa, nakuomba, ionje hata kidogo tu.