Damu ya Mdogo kwa Jina la Mkubwa

Binti yangu ana ugonjwa wa seli mundu tangu utotoni. Hospitali ya ng'ambo ilipokubali kumpandikizia uboho wa mfupa, ambao ndio unaotengeneza damu, kaka yake mkubwa ndiye aliyelingana naye. Nyumbani waliimba. Mimi nikafungua faili.

Nilitumikia utawala mjini Kolwezi hadi kustaafu, na sijawahi kupeleka karatasi nisiyoisoma. Hospitali ilitaka mtoaji apimwe kwanza: ukimwi, homa ya ini, kaswende, malaria. Daktari wetu alinieleza sababu bila kuzunguka: kabla ya kupandikizwa, dawa kali huondoa uboho wa mgonjwa pamoja na kinga yake. Kirusi kinachokaa kimya mwilini mwa kaka kinaweza kumuua dada.

Majibu yalirudi safi. Mke wangu akaanza kupanga nguo. Nilikuwa natoboa karatasi ili niiweke kwenye faili nilipoona siku na saa ya kutolewa damu: asubuhi ambayo mwanangu mkubwa alikuwa zamu mgodini Kingamyambo. Nilimsindikiza mwenyewe hadi kwenye basi la wafanyakazi.

Nikamwita, yeye na mdogo wake wa kiume.

« Tata, chef wa kazi alikatala kuniachia, » akasema mkubwa. « Nilimutuma huyu. »

« Kwa jina lako? »

Mdogo akacheka. « Si tumbo moja, tata? Damu ni moja tu. »

« Wewe ukinywa chai, kaka yako anashiba? »

Mke wangu akaingilia: « Tata, acha hiyo karatasi. Mutoto atakosa safari. »

Nilikwenda maabara. Hakuna aliyekuwa amemwomba kijana yule kitambulisho. Karani aliandika jina aliloambiwa. « Papa, bantu bako bengi, » akanijibu, akionyesha foleni ya watu, bila hata kusimama. Miaka yote ya kazi yangu sikupata kuona uzembe ukitetewa kwa utulivu kama ule.

Nikaandika barua ya kubatilisha majibu. Mke wangu akaanza kuzitoa nguo alizokuwa amepanga. Mkubwa akapimwa tena, safari hii mimi nikiwa nimesimama kando yake, nikisoma jina kwenye chupa. Alikutwa na homa ya ini aina ya B. Hajawahi kuugua hata siku moja.

Hospitali imeahirisha kila kitu: mtoaji atumie dawa kwanza, apimwe upya, na binti yangu achanjwe. Tarehe nyingine hawakutoa. Niliwaandikia mara mbili kuiomba.

Nilimsomea binti yangu barua yao akiwa kitandani. Akasikiliza hadi mwisho.

« Basi ningekufa na karatasi nzuri, » akasema, akacheka peke yake.

Leo maumivu yamemrudia miguuni. Kaka yake mkubwa amekaa chini, anamkanda polepole tangu asubuhi, na hajathubutu kumtazama usoni.