Bunduki Haiendi Pemba

Binti yangu aliolewa Pemba na kijana aliyesoma naye chuo, na tangu mama yake afariki, miaka minne sasa, kila simu yake huishia kwenye chumba. Chumba kiko tayari, baba. Chumba kimepakwa rangi. Chumba kimewekewa chandarua. Safari hii akasema shemeji yake mmoja ameanza kukiulizia, kwa hiyo anataka jibu langu kabla mwezi haujaisha.

"Na bunduki?" nikauliza.

"Baba, huku ukionekana na bunduki utatutia aibu, halafu utatiwa ndani. Yote siku moja."

"Ina leseni."

"Leseni ya Uganda. Huku itafungiwa maandazi."

Ni bunduki ya marisau, iliyokuwa ya marehemu baba yangu. Baba alikuwa msafirishaji. Lori lake lilipakia chumvi Kabatoro na kuishusha Kasese, na barabara ya siku hizo ilikuwa na watu waliopenda sana chumvi ya wenzao. Alipofariki nilikwenda polisi kuirudisha, nikatoka huko nikiwa nimeiandikisha kwa jina langu. Mpaka leo sijui ilikuwaje. Nilikuwa na shahada mbili na makala kadhaa juu ya madhara ya silaha mikononi mwa raia. Moja ya makala hizo niliiandika nikiwa nimeegemea kabati ambalo bunduki imefungiwa ndani.

Nikachukua karatasi, nikaigawa kwa mstari, kama nilivyofundishwa chuo kikuu kufanya na mambo yaliyonishinda. Upande mmoja nikaandika Kisiwa. Nikajaza: mjukuu, samaki, msikiti wa karibu, mtu wa kula naye chakula cha jioni. Nilisita kidogo hapo kwenye chakula, kwa sababu jioni ile nilikuwa nimesonga bundu la watu wawili, kama kawaida. Miaka minne mkono wangu haujajifunza kupunguza unga wa muhogo. Chini yake nikaongeza na ubaya: joto, na bahari pande zote. Mtu wa huku kwetu Bwera, mpakani, amezoea kwamba mambo yakiharibika huku, anavuka daraja kwenda Kongo, na yakiharibika kule, anarudi. Kisiwani mtu anakimbilia wapi? Nilipomuuliza binti yangu swali hilo alicheka. "Huku watu wanafunga mlango ili kuku wasiingie, baba. Unakimbia nini?"

Upande wa pili nikaandika Bunduki, nikakaa na kalamu muda mrefu. Mwishowe nikaandika neno moja: nyani.

Nyumba yangu iko nje kidogo ya mji, mahali mashamba ya mahindi yanaposhuka kuelekea pori la hifadhi. Mimi sina shamba. Nina kiwanja, migomba sita na meza ya kuandikia. Lakini majirani wanalima, na mchana wanaume huwa mpakani kupakia na kupakua mizigo, wanawake ndio wanaolinda. Nyani wa huku hawamwogopi mwanamke. Anaweza kuwarushia mawe wakaendelea kula wakimtazama usoni. Kwa hiyo wanapotokea, mmoja wa akina mama hupiga jerikeni tupu kwa mti na kuita, "Muzeee!" Nina miaka hamsini na minne na jina hilo silipendi, ila kuna siku ambazo hiyo ilikuwa sauti pekee iliyoniita tangu asubuhi mpaka usiku.

Hapo navaa koti la baba la mvua, refu, la kijani, natundika bunduki begani na kutembea kando ya mahindi. Nilifyatua mara moja tu, hewani, mwaka wa kwanza, bega likaniuma wiki nzima. Baada ya hapo ilitosha nionekane. Nyani walikimbia, akina mama wakashukuru, nami nikarudi mezani nimenyooka mgongo kuliko nilivyotoka.

Basi nikamwambia binti yangu kwamba suala si mimi, suala ni mahindi ya watu. Nikaahidi kwenda polisi Kasese kuulizia sheria inasemaje.

Nilikwenda kesho yake. Bunduki niliifungia kabatini, koti nikaliacha limetundikwa barazani kama kawaida, maana Kasese ni joto. Ofisini nilimkuta afande mmoja akinywa chai. Nikamweleza habari ya Pemba kwa kirefu, pamoja na utangulizi.

"Haivuki," akasema.

"Hata kwa kibali?"

"Kibali cha huku na kibali cha kule. Cha kule hupati. Mzee, irudishe kituo cha Bwera, chukua karatasi yako, nenda ukale samaki."

Nilitoka pale na furaha ambayo sikuielewa mpaka nilipokuwa kwenye gari la kurudi. Sheria ilikuwa imeniamulia. Bunduki haivuki, mahindi hayawezi kuachwa bila bunduki, kwa hiyo mimi sivuki. Njia nzima nilikuwa nikitunga jibu la kumpelekea binti yangu, jibu zuri lenye majuto ya kiasi. Nilikuwa nimewaambia majirani nitalala Kasese, lakini kwa kuwa jambo lilikwisha mapema, alasiri nilikuwa nimeshafika.

Nikaona nyani wanatimka kutoka mahindini. Nyuma yao, kando ya shamba, nikajiona mwenyewe natembea polepole na koti la kijani, bunduki begani.

Alikuwa jirani yangu, mama anayeuza vitenge ng'ambo ya mpaka siku za soko. Begani alikuwa na mpini wa jembe.

"Muzee! Umerudi leo? Siye tulizani ni kesho."

"Hilo ni koti langu."

"Ndiyo, ni koti yako." Hakuonyesha aibu yoyote. "Banyani iko inaogopa koti. Haiogopi mutu."

Wenzake wawili waliokuwa wakipalilia walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Tangu lini?"

"Kila ukienda Kasese. Na ile wiki ulikuwa na malaria. Hata mutoto wangu wa kike analivaa, linamufika chini, na banyani beko banakimbia."

"Sasa kwa nini mnaniita?"

Kicheko kikaisha. Alitazama wenzake, akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Usikasirike, muzee. Toka mama wa nyumba alikufa, unabaki mule ndani siku tatu, siku ine, mulango imefungwa. Tukasema, tumuite kwa banyani. Atoke kidogo, apate jua."

"Hata kama nyani hawapo?"

"Siku ingine beko," akasema taratibu. "Siku ingine hakuna."

Nilikumbuka siku moja ya mwezi uliopita. Nilizunguka shamba zima nimekaza uso, nikarudi kuwaarifu kwamba kundi kubwa limekimbilia mtoni. Walinishukuru wote, kwa zamu.

Alininyooshea koti. Nikamwambia abaki nalo. Nikaingia ndani, na kwa mara ya kwanza nikaona aibu kufunga mlango, nikauacha wazi nikakaa kitandani bila kuvua viatu.

Hawakuniita siku iliyofuata, wala ya pili. Nadhani waliogopa kwamba sasa ningejua wananiitia nini. Jerikeni ililia mara moja, sauti ya kuita haikufuata, nami nilisimama dirishani nikaona koti likipita.

Siku ya tatu nilipeleka bunduki kituoni. Afande wa pale aliikagua, akaniandikia stakabadhi, akaniambia, "Haya, twende, mwingine," ingawa nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nje ya kituo nikampigia binti yangu.

"Nimeirudisha."

"Nini?"

"Bunduki."

"Kwa hiyo unakuja?"

"Baada ya mavuno."

"Mavuno gani, baba? Huna shamba."

Wanafunzi walipita wakigombania muwa. Nikatazama ile stakabadhi, kana kwamba afande angekuwa ameandika humo jambo la kunisaidia.

"Jumamosi ya wiki ijayo," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli."

"Ngoja basi nimwambie mtoto."

"Kwani hajui? Si alikuona ukipaka rangi?"

"Aliuliza chumba cha nani. Nikamwambia cha mgeni." Sauti yake ikashuka. "Nilifikiri hutakuja, baba. Sikutaka amngoje mtu."

Akaweka simu kando bila kuikata. Nikamsikia akiita, miguu midogo ikaja mbio juu ya saruji, akaambiwa kwamba babu anakuja kukaa.

"Babu gani?" mtoto akauliza.

"Yule wa kwenye simu."