Eti Nilishamaliza Kusoma

Leo nimenyang'anywa kitabu nikiwa katikati ya sentensi!

Mnanijua, mimi si mtu wa kelele. Nilikuwa kando ya jiko nikisoma ile riwaya rafiki yangu Halima aliyoniazima, ya bibi arusi anayetoroka. Mjomba akaingia, ametoka Ngaremara na mbuzi wa kuuza.

"Unafanya nini, mama?" akaniuliza.

"Nasoma, mjomba."

"Unasoma nini na ulimaliza kusoma? Si ulitoka shule? Hii kitabu nitapelekea Ekai, yeye bado anasoma."

Akakichukua. Ekai, mtoto wake, yuko darasa la pili! Na mama yangu, pale jikoni, anacheka tu.

Nikamwambia kitabu ni cha watu.

Akanirudishia. "Haya, soma tusikie kama kuna kitu huko ndani."

Nikasoma. Bibi arusi akafika mtoni, mto umefurika, ndugu zake wako nyuma yake. Hapo nikafunga kitabu.

"Eh! Akavuka?" mjomba akauliza.

Nikakitia kitabu kwapani. Akitaka kujua, na yeye asome.

Hasira bado ninayo. Wenzangu tuliotoka shule, nyinyi mnasoma nini sasa? Niambieni kila kitu, lakini mjomba asiambiwe kama bibi arusi alivuka.