Udongo wa Kwenye Tairi

Ndugu yangu alifika Nairobi alfajiri, na jioni ya siku hiyo hiyo alikuwa arudi. Shule ilimpa ruhusa fupi, na shangazi alisema kijana akilala Nairobi hata usiku mmoja, masomo yamekwisha. Alishuka basini amevaa sweta ya shule, begi mgongoni, na mkononi ameshika mkebe mtupu wa maziwa ya unga, uliosuguliwa ukang'aa. Mkebe huo ndio uliomleta.

Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa magharibi. Mama alitoka upande wa Mlima. Walikutana Eastlands, hapa Nairobi, wakaishi pamoja, na mahari haikupelekwa kwa akina mama. Kila mwaka ilisemwa itapelekwa mwaka ujao. Baba alipofariki, ndugu zake walikuja na gari wakamchukua akazikwe kwao. Mama alipomfuata, hakuna gari lililokuja. Upande wa baba walisema hakuwa ameolewa. Upande wake wakasema alikuwa ameolewa. Alizikwa na majirani na watu wa kanisa katika makaburi ya jiji, kwenye kaburi la muda, kwa maana hilo ndilo tuliloweza. Baada ya hapo watoto tuligawanywa. Wa katikati alikwenda kwa nyanya. Huyu mdogo, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni, shangazi alimpeleka magharibi. Mimi nilikuwa nimeanza sekondari. Niliacha shule nikabaki. Ilibidi mmoja wetu awe mahali ambapo wengine wangemkuta.

Sasa mdogo alikuwa amekua. Kwa watu wa baba, kijana akifika umri huo hujenga nyumba yake ndogo katika boma la mama yake. Yeye hakuwa na boma la mama. Alilala jikoni kwa shangazi, na binamu zake wakigombana naye walimwita mgeni. Baada ya maneno mengi, baba mdogo alikubali jambo moja: udongo wa kaburi la mama ukiletwa ukazikwa kando ya baba, mama atahesabiwa kuwa amefika nyumbani, na kijana atapimiwa mahali pa kujenga. Wazee walikuwa wakae kesho yake asubuhi. Udongo usipofika, baba mdogo alisema, asisumbuliwe tena.

Tulianzia Kariokor kwenye kibanda ninapofanyia kazi, maana ilibidi nimuage mwenzangu. Mimi hukata tairi za malori na kuzigeuza akala, viatu vya mpira. Mwenzangu, mwanamume anayeshona mikanda ya juu, alimtazama ndugu yangu kuanzia viatu hadi kichwa.

"Niaje, kijana?"

"Sijambo, mzee. Habari ya asubuhi?"

Kibanda kizima kilicheka. "Mzee! Siz, huyu umemtoa ocha, kijijini kabisa, na baridi yake. Mwambie hapa hakuna mzee, hapa kuna vijana waliochoka."

Ndugu yangu alitabasamu kidogo, akashika ganda la tairi lililoegemea ukuta. Aliuliza kama mtu anaweza kweli kuvaa kitu kizito namna ile. Nilimwambia kinavaliwa mpaka mguu unachoka kabla yake. Kisha nikamweleza alama niliyoweka kwenye kaburi la mama. Misalaba ya mbao haikai kule. Inaoza, au watu wanaipeleka kuwashia moto. Kwa hiyo nilikata kipande kirefu cha tairi, nikachonga neno MAMA kwa kisu changu, nikakizika nusu, kikasimama. Hakiozi na hakuna anayekitaka.

"Tutakiona?"

"Ndicho tutakachokifuata," nilisema.

Aliomba kwanza aone nyumba alimozaliwa. Tulipita Majengo kwa miguu, yeye akitazama kila kitu: mivuke ya masufuria ya mutura, zile soseji za matumbo, mikokoteni, nguo zilizomwagwa juu ya maturubai, vijana wanaopiga kelele za bei. Alikuwa na orodha yake kichwani, aliyopewa na wanafunzi wenzake, na jambo la kwanza lilikuwa kupiga picha akiwa chini ya jengo refu kuliko yote mjini. Tulipofika mahali majengo ya katikati ya mji yanaonekana nyuma ya mapaa ya mabati, nilimwonyesha.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo."

"Nilidhani ni refu zaidi." Alilipiga picha kutoka hapo, likiwa dogo kama kidole, nyaya za umeme zikipita mbele yake.

Nyumba zetu za zamani bado zipo, zile za chumba kimoja zilizopangwa kwa safu. Mlango wetu sasa ni wa bluu. Mwanamke anayeishi pale alikuwa anafua nje. Nilimweleza, akainuka akafungua pazia, akasema tuangalie tu, haoni aibu ya vitu vyake. Ndugu yangu alisimama kizingitini. Hakuingia. Aliuliza kitanda cha mama kilikuwa upande gani, nikamwonyesha upande ambao sasa una televisheni.

Mama mmoja mzee anayeuza sukuma wiki pale kwenye kona alitutambua. Aliweka kisu chini.

"Huyu si yule wa kulia? Huyu alitunyima usingizi safu nzima! Mama yako alikuwa anakuzungusha hapa nje usiku, anakuimbia, sisi tunamwambia, weka huyo mtoto, atanyamaza. Hakuweka hata siku moja." Alimshika kidevu. "Na sasa una ndevu. Unalia bado?"

"Hapana, nyanya."

"Basi jifunze tena. Inasaidia."

Nilimwona akigeuza uso. Huko magharibi hakuna aliyewahi kumwambia habari ya mama yake isipokuwa kwamba hakuwa na mahari.

Makaburi ya umma yako upande wa pili wa mji, na tulifika jua likiwa juu. Najua njia ile hata nikifumba macho: unaacha sehemu ya makaburi ya marumaru, unashuka, unapita mti uliopigwa na radi, unahesabu safu. Mara ya mwisho nilikuwa nimekwenda kabla ya Krismasi. Niliingia kwenye safu yetu nikamkuta mtu mwingine.

Msalaba ulikuwa mpya, rangi nyeupe bado inanuka. Udongo ulikuwa mwekundu, umeinuka, na maua yake hayajatolewa kwenye karatasi ya plastiki. Nilidhani nimekosea safu. Nilirudi hadi kwenye mti nikaanza upya, na nikafika pale pale. Ndugu yangu alikuwa amesimama na mkebe wake, ananiangalia jinsi watoto wanavyomwangalia mwalimu aliyesahau jibu.

Mchimba makaburi mmoja alikuwa anapumzika karibu. Nilimuuliza.

"Mama, sehemu hii ni ya muda," alisema. "Muda ukiisha, tunazika tena."

"Na aliyekuwamo?"

"Yumo. Hatumtoi. Mwingine analala juu yake."

"Wenyewe huwa mnawaambia?"

"Huwa wanatangaza. Mimi ni wa jembe tu." Hakusema kwa ubaya. Alituonea huruma kidogo, kisha akarudi kwenye shimo lake.

Nilikuwa nimejua kwamba la muda ni la muda. Neno hilo nililisikia siku ya mazishi. Lakini mtu hulisikia neno kama hilo akiwa na watoto wawili wanaolia, na huona muda huo uko mbali sana.

Ndugu yangu alipiga magoti, akatoa kijiko begini.

"Usichote," nilisema.

"Yumo humo, amesema mwenyewe."

"Yumo, lakini hayuko peke yake. Huo wa juu ni wa huyu mwingine."

"Nani atajua? Udongo ni udongo, dada."

"Soma msalaba."

Alisoma. Aliyezikwa alikuwa kijana. Yeye na ndugu yangu walizaliwa mwaka mmoja. Kijiko kilibaki hewani.

"Huwezi kumbeba mtoto wa watu mpaka kwa baba yako," nilimwambia. "Mama yake atakuja hapa Jumapili."

Ndipo alipopandisha sauti, mara ya kwanza siku ile. "Wewe ulimjua! Wewe una mahali pa kulala, una watu wanaokuita siz. Mimi hata sura yake sina. Nalala jikoni na kuku. Nimepewa ruhusa ya siku moja nichukue udongo, na huo pia unaninyima?"

Alikuwa anasema kweli, na mimi pia nilikuwa nasema kweli, na kati yetu kulikuwa na kaburi la mtu asiyetuhusu. Nilimwacha alie. Nilikaa chini kwenye nyasi nikasubiri, maana kazi hiyo naijua.

Alipomaliza alifuta uso kwa mkono wa sweta. "Na ile tairi iko wapi?"

Mchimba makaburi alituelekeza kwa jembe lake. Kando ya ua kulikuwa na rundo la vitu vilivyoondolewa kwenye makaburi ya zamani: misalaba iliyovunjika, maua ya plastiki yaliyopauka, chupa, mashada ya waya. Tulilichakura sote wawili. Yeye ndiye aliyeiona, chini kabisa, imepinda. Herufi zangu zilikuwa zinasomeka, isipokuwa ya mwisho, iliyopigwa na jembe.

Nusu ya chini, ile niliyoizika, ilikuwa bado na udongo. Tairi ya lori ina mifereji mirefu ya kukamata matope, na miaka yote ile matope ya kaburi la mama yalikuwa yamejikaza humo yakawa magumu. Udongo huo ulikuwa wa kabla ya kijana yule kuletwa. Nilitoa kisu changu cha kazi nikaanza kuukwangua, mfereji baada ya mfereji, naye akashika mkebe chini. Tulikwangua mpaka mpira ukawa safi kama wa dukani. Tulipoangalia ndani, udongo haukufunika hata sakafu ya mkebe.

Alipoutikisa mkebe, ulisikika kama majani makavu ya chai.

"Watanicheka," alisema.

"Watacheka. Waeleze yote, usifiche kitu."

Jioni alipanda basi, mkebe umefungwa ndani ya sweta, sweta ndani ya begi, begi mapajani. Tairi nilirudi nayo Kariokor nikaiweka chini ya benchi yangu. Mwenzangu aliiona, akasema mpira huo bado ungetoa jozi moja nzuri. Kisha akasoma herufi, akarudi kushona mikanda yake.

Ndugu yangu alipiga simu siku ya pili yake. Wazee walifungua mkebe, na mmoja akauliza kama Nairobi wametuma chai. Aliwaeleza yote. Walibishana tangu asubuhi hadi chakula cha mchana kama udongo wa kwenye tairi ni udongo wa kaburi. Mwishowe baba mdogo alichoka, akasema uzikwe. Shimo halikuhitaji jembe. Lilichimbwa kwa ncha ya panga.

"Na mahali pa kujenga?"

"Wamenipimia. Chini kabisa, karibu na mto. Binamu wanasema mvua ikinyesha maji husimama pale."

"Umekubali?"

"Nimeshakata miti ya kwanza."

Nilimuuliza kama akisimama hapo anaona walipolala baba na mama.

"Hapana. Migomba imeziba," alisema. "Lakini nitaikata."

"Si yako," nilimwambia. "Iache. Wewe jenga."