Vidole Viwili kwa Ajili ya Isaburo

Siku Muharami Dadi alipomkata rafiki yake Ibrahimu vidole viwili, hawakuwa wakigombea mwanamke, wala kiwanja, wala mpira. Walikuwa wakibishana juu ya mwisho wa katuni ya Kijapani. Cheka kama unataka kucheka. Pale Msata njia panda watu walicheka wiki nzima, wakaja wakanyamaza wenyewe siku Ibrahimu alipofungua bandeji.

Kisu kilifikaje pale? Hilo halielezeki bila kuanza na mwenye kisu tangu utotoni.

Muharami alizaliwa hapohapo Msata, kwenye nyumba ya udongo nyuma ya maegesho ya malori. Baba yake, Dadi, alikuwa utingo, mtu wa mabega mapana na mkono mwepesi. Alimpiga mkewe, Saida, kwa chumvi iliyozidi na kwa chumvi iliyopungua. Alimpiga kwa mkanda, kwa kiatu, na mara moja kwa ukuni uliokuwa bado unawaka. Saida hakuwa mtu wa kupiga mayowe. Alikuwa akijikunja kwenye kona karibu na mtungi wa maji, anaweka mkono wa kushoto usoni, na anasema maneno yaleyale kila mara: "Basi, baba Muharami. Mtoto anaangalia."

Na kweli mtoto alikuwa anaangalia. Siku ya mwisho Dadi alitumia bomba la jeki. Lilimpata Saida sikioni, damu ikamtoka sikioni na puani kwa pamoja, akalala chini akitetemeka miguu. Dadi alilitupa bomba, akapanda lori lililokuwa linaelekea Segera, na hadi leo hajaonekana. Saida alipona, ila sikio la kulia lilikufa na mdomo ukapinda kidogo upande ule. Muharami alikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliliokota lile bomba akalifukia nyuma ya choo, akaapa kwamba mzee wake akirudi, atalifukua.

Mwaka huohuo Isaburo akafika Msata. Aliletwa na Yahya, kaka yake Ibrahimu, aliyekuwa anasoma chuo cha uvuvi kule Mbegani. Jumamosi moja Yahya alirudi nyumbani na rundo la karatasi alizochapisha kwenye duka la intaneti Bagamoyo mjini: picha nyeusi na nyeupe, maneno ya Kiingereza. Ibrahimu alikuwa kichwa darasani, lakini alizisoma karatasi zile akatoka patupu. Mtu anakatwa shingo ukurasa huu, ukurasa wa pili yuko hai anakula wali. Muharami, ambaye darasani kazi yake ilikuwa kuhesabu mijusi ya darini, alizichukua akazigeuza.

"Inaanzia kulia," akasema. "Kama juzuu."

Alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo wakawa msomaji mmoja mwenye vichwa viwili. Mmoja anajua njia, mwingine anajua maneno.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Isaburo ni mtoto wa mwanamke mfinyanzi. Jemadari Odagawa anaingia kijijini na askari wake, anamuua yule mama mbele ya tanuri lake, na mtoto anaona yote akiwa ndani ya mtungi mkubwa. Anaapa kumtafuta Odagawa hadi mwisho wa dunia. Basi. Hiyo ndiyo habari nzima, na iliendelea kwa miaka kumi na tisa, sura moja kila wiki, sura mia tisa na thelathini na moja. Karatasi za Yahya zikaja zikawa simu ya tochi ya kuazima, halafu simu janja yenye kioo kilichopasuka, halafu duka la Ibrahimu la kutengeneza simu, ambako kila Ijumaa baada ya swala mashabiki walikusanyika kwenye benchi kumsikiliza akitafsiri. Isaburo alikuwa anaua. Aliua walinzi, wavuvi waliompeleka njia mbaya, mapacha waliokuwa wanampenda. Benchi lilikuwa linapiga makofi, na Muharami ndiye aliyekuwa anapiga kwa nguvu zaidi.

Kazi ya Muharami ilikuwa kuchinja. Alipokuwa na miaka kumi na sita, Mzee Abdulazizi, mchinjaji wa pale aliyetoka kwenye familia za zamani za Bagamoyo, alimchukua machinjioni kwa sababu alikuwa na mabega ya kumlaza fahali. Ni kazi ya alfajiri na ya mateke. Ng'ombe mmoja alimvunja mbavu, mwingine akamtoboa paja kwa pembe akavuja damu hadi akazimia juu ya damu ya wanyama. Alirudi kazini baada ya siku kumi. Alijifunza kumlaza mnyama ubavu wa kushoto, kumwelekeza kibla, kutaja jina la Mungu na kupitisha kisu kwa mkono usiosita. Mzee Abdulazizi alimpa kisu chake mwenyewe pamoja na masharti yake.

"Hiki hakikati kamba, hakikati kitunguu," alimwambia. "Hukinoi mbele ya mnyama, humwonyeshi. Na siku utakapokiinua kwa binadamu, usiniletee maelezo. Niletee kisu. Watu wanakula kwa kuuamini mkono wako, mwanangu, na mkono una imani moja tu."

Muharami alikitunza kisu kile kuliko macho yake. Lakini moyoni, kila shingo aliyoikata ilikuwa na mabega ya utingo chini yake. Hakumwambia mtu, isipokuwa Ibrahimu. Ibrahimu alijua hata bomba lilikofukiwa.

Sura ya mwisho ilitoka Ijumaa ya mwezi wa saba. Muharami alifika dukani mapema, ametoka kuchinja mbuzi wa akika, kisu kikiwa kiunoni ndani ya ala yake ya ngozi. Dukani alimkuta Ibrahimu nyuma ya meza na Lulu, msusi wa chumba cha jirani, ambaye kwa habari za Isaburo hakuna mwanamume aliyemfikia. Wengine walikuwa hawajafika. Ibrahimu alikuwa ameshaisoma peke yake, na uso wake ulikuwa mzito.

Akawasomea. Isaburo anampata Odagawa. Ni kizee, amekaa barazani anamenya figili. Isaburo anataja jina la mama yake. Kizee kinafikiri, kinakuna kichwa, kinamwomba radhi: hakimkumbuki mwanamke huyo, walikuwa wengi. Isaburo anachomoa upanga. Ukurasa mzima ni upanga mtupu. Ukurasa unaofuata ameurudisha alani, anatoka getini. Ukurasa wa mwisho anakanda udongo.

Lulu ndiye aliyeanza. "Huu ni wizi! Miaka kumi na tisa ananinolea upanga, leo ananiambia ufinyanzi? Ameiharibu yote, kaka Ibrahimu. Yote, toka chapta ya kwanza. Mimi siwezi kuirudia tena hata ukinilipia bando."

"Haijaharibika," alisema Ibrahimu. "Imekamilika. Nyie mlikuwa mnahesabu maiti, hamkuwa mnasoma."

"Ndiyo, nimezihesabu," alisema Muharami. Sauti yake ilikuwa chini, na waliomjua walijua kwamba sauti hiyo ndiyo ya kuogopa. "Mia nne na kumi na mbili. Wote hao wamekufa ili yeye afike kwa Odagawa. Sasa kama Odagawa haguswi, wale walikufia nini? Mimi nikimlaza ng'ombe, nikamfunga miguu, nikamwelekeza kibla, halafu nikafungua kamba nikaenda zangu, nimefanya nini? Si nimemtesa bure? Huyo mchoraji amemgeuza Isaburo muuaji."

"Alikuwa muuaji toka zamani, bwana! Ndicho tunachoambiwa. Ulikuwa hujui?"

"Alikuwa na haki!"

"Haki ya nani? Ya mama yake? Mama yake alimtuma lini?"

Hapo Ibrahimu angenyamaza, leo angekuwa na vidole kumi. Lakini alikuwa amebeba neno lile kwa miaka, na siku ile lilimponyoka. "Na wewe vilevile, Muharami. Mama yako amekutuma lini? Mama Saida alishamaliza na Dadi. Anakula, analala, anacheka na watu. Ni wewe tu ndiye unayelala na lile bomba. Mzee wako akirudi leo hata jina lako hatalikumbuka, na wewe utakuwa umepoteza..."

Hakumaliza. Kisu kilitoka. Ibrahimu aliinua mkono wa kulia uliokuwa umeshika simu, na kisu kikapita. Hakikuwa na mazoea ya kukwama. Kidole cha mwisho na cha pete vilianguka mezani katikati ya skrubu na betri, na simu ikaanguka juu yake, Isaburo bado anakanda udongo. Kwa miaka kumi na tisa damu walizoziona wawili hao pamoja zilikuwa nyeusi. Hii ilikuwa nyekundu na ilikuwa inaruka, ikaruka hadi kwenye kalenda ya ukutani, ikamwingia Muharami mdomoni.

Ibrahimu alipiga ukelele ambao madereva waliusikia ng'ambo ya barabara. Lulu alinyakua kigoda akampiga nacho Muharami kichwani, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu kikavunjika. "Shetani mkubwa wewe! Katuni! Kwa katuni!" Muharami hakujikinga. Lulu akamwacha, akavua mtandio wake akaufunga mkono wa Ibrahimu kwa meno na mikono. Alipogeuka, Muharami hakuwepo.

Yaliyofuata yanajulikana na kila mtu Msata. Polisi walipokuja na karatasi zao, Ibrahimu alisema ameumia akijaribu makali ya kisu, akashikilia hapohapo, na Lulu akatazama dari. Muharami alikipeleka kisu kwa Mzee Abdulazizi. Alimkuta barazani.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. Alipokea kisu kwa kitambaa, akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo Muharami hajachinja hata kuku. Anabeba magunia ya mihogo pale njia panda, na kinamama wakipita naye wanavuta watoto upande wa pili. Ana kovu la kigoda juu ya jicho. Anastahili, na yeye mwenyewe anasema hivyo.

Miezi minane hakukanyaga dukani. Halafu Ijumaa moja akaja, akasimama nje ya mlango.

"Nisomee tena," akasema. "Toka ya kwanza."

Ibrahimu aliweka chini simu aliyokuwa anaifungua. Alikuwa amejifunza kushika bisibisi kwa vidole vitatu na hasira yake ilikuwa bado nzima. "Ukitaka nini?"

"Nataka nione kama mwisho ule ulikuwamo."

Ibrahimu alimtukana. Alimtukana yeye, na ukoo wake, na siku waliyojuana, akasimama akitukana hadi akachoka. Kisha akamsogezea benchi.

Sasa wanasoma kila Ijumaa, wawili tu. Wiki iliyopita walifika sura ya arobaini. Ni sura maarufu. Isaburo anampasua mlinzi wa geti kuanzia begani mpaka kiunoni, na zamani ilipokuwa ikirudiwa dukani benchi zima lilishangilia hadi Lulu akaacha kusuka akaja kuona. Ibrahimu alitafsiri, akavuta ukurasa kwa kidole gumba.

"Rudisha," alisema Muharami.

Ibrahimu akarudisha. Muharami akaikuza picha kwa vidole vyake vinene. Nyuma ya mlinzi kulikuwa na nyumba, na kwenye nyumba kulikuwa na dirisha, na kwenye kona ya dirisha mchoraji alikuwa amechora kichwa kidogo sana chenye macho mawili. Wote wawili walikuwa wameipita picha ile mara ishirini. Haikuwa na neno la kutafsiri, kwa hiyo Ibrahimu hakuwahi kusimama hapo.

Muharami aliweka simu mezani, akaanza kulia. Na hapo ndipo alipomwambia Ibrahimu jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: alikokwenda siku ile, kisu mkononi, kabla ya kwenda kwa Mzee Abdulazizi.

Alikimbilia nyumbani. Ilikuwa alasiri, jua liko nyuma yake. Mama yake alikuwa amekaa ndani anapepeta mchele, sikio zima limeelekea ukutani, hakumsikia akija. Muharami alisimama mlangoni akauziba wote kwa mabega yake. Alitaka kusema, Mama, nimemkata Ibrahimu. Alitaka apigwe, au afichwe. Kabla hajafumbua mdomo, Saida akainua macho. Aliona mabega mlangoni. Aliona mkono una chuma, na chuma kinadondosha damu.

Ungo ulimtoka, mchele ukamwagika chini. Alirudi nyuma kwa makalio hadi kwenye kona, palepale karibu na mtungi, akajikunja, akaweka mkono wa kushoto usoni.

"Basi, baba Muharami," alisema. "Mtoto anaangalia."